Mzee Kingi Ngowa Kombe na Kitambaa Cheupe cha Mbaraki

Ndugu na jamaa, wachungaji wetu, majirani wa Ganjoni, mafundi wa Mji wa Kale, na nyinyi nyote mliotoka kiwandani Mbaraki mkiwa na nguo zenu za kazi, kwa kuwa marehemu mwenyewe alizipenda kuliko suti, mimi ni Sheryl, binti wa Lennox, mjukuu wa marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake kama tulivyoyaandika na Nyanya mezani kwake wiki hii, yeye akitaja tarehe na mimi nikiandika, na pale tulipokosana, tarehe ya Nyanya ndiyo iliyobaki.

Mzee Kingi alizaliwa tarehe 3 Juni 1954, katika kijiji kilicho karibu na Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa hayati Ngowa Kombe, aliyekuwa mgema na mkulima, na hayati mama Kadzo, na waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kufungua vitu, kwani aliifungua taa ya chemni ya baba yake akaifunga sawasawa, akaifungua saa ya mwalimu wake akashindwa kuifunga, akachapwa kwa hiyo ya pili, na kisa hicho alikisimulia maisha yake yote akimtetea mwalimu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, hapo hapo Kaloleni, akiwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba, na Januari 1970 akaja Mombasa kukaa na baba yake mdogo mtaa wa Majengo, akitarajia kuendelea na masomo, lakini nafasi haikupatikana, na badala ya kurudi nyumbani akaanza kuzunguka Mji wa Kale akitazama mafundi, akisimama mlango huu saa nzima, mlango ule saa nzima, mpaka fundi mmoja wa shaba, marehemu Mzee Muhdhar, alipochoka kutazamwa na kumwambia, "Mwanangu, macho hayafui shaba, ingia ushike nyundo."

Aliingia tarehe 2 Machi 1970 katika karakana ya Mzee Muhdhar, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na hapo akakaa miaka ishirini na sita, akijifunza kufua sinia, vyetezo vya kufukizia ubani, na zaidi ya vyote madele, yale mabirika ya kahawa mapana chini na membamba juu, ambayo bamba lake hukatwa likiwa bapa, likakunjwa, likaungwa, na kiungo kikafuliwa mpaka kidole kikipita hakijui kilipoanza, na Mzee Muhdhar alikuwa na desturi ya kufumba macho na kupitisha kidole, na kidole kikikwama hasemi neno, hulirudisha dele kwa fundi wake na kuendelea kunywa kahawa.

Tarehe 16 Desemba 1978, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa takatifu kanisani na Bi Mejumaa, binti wa Rabai, fundi wa kushona, ambaye walijuana pale binti huyo alipompelekea cherehani yenye mguu uliovunjika, naye marehemu akaitengeneza siku moja na kukaa nayo siku tisa ili apate sababu ya kuulizwa habari zake, na Mungu akawajalia watoto watatu, yaani Lennox aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1979, Caroline aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1983, na Cynthia aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1990, na mwaka huo huo wa 1990 wakahamia Ganjoni, katika nyumba ya ghorofa waliyokaa hadi leo, orofa ya pili, upande unaotazama Mbaraki.

Wanunuzi wa shaba walipopungua, watu wakinywa kahawa ya chupa ya moto na kununua sinia za plastiki, Mzee Muhdhar alimwambia mwanafunzi wake kwamba kama plastiki imewanyang'anya kazi, basi na yeye aende akaifuate, na ndivyo ilivyokuwa, kwani tarehe 1 Agosti 1996 marehemu aliajiriwa kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kidogo cha Mbaraki kinachosaga plastiki zilizokwisha matumizi, chupa zinazookotwa Feri, kreti za samaki kutoka Liwatoni, beseni, viti na mitungi, vikasagwa kuwa chembe, chembe zikaoshwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa mabomba na ndoo.

Wale mlioingia pale miaka hiyo mnakumbuka, na msioingia ni vizuri mjue, kwamba mashine ya kusaga plastiki hutoa chembe na hutoa pia vumbi, laini kama unga wa muhogo, na vumbi lile halikuwa na mahali pa kwenda, likakaa juu ya boriti, kwenye nyusi, kwenye chai, ndani ya kifua, na rangi yake ikafuata kilichosagwa, siku ya kreti buluu, siku ya beseni nyekundu, hata watoto wa marehemu wakawa wanajua baba amesaga nini kwa kumtazama masikio.

Mnamo Novemba 2010 mkaguzi wa afya kazini alifika, akasimama ndani ya chumba cha kusagia dakika nne, akatoka akikohoa, na akaandika kwamba vumbi lisipodhibitiwa kufikia mwisho wa Agosti mwaka utakaofuata, chumba kile kitafungwa, na chumba kile kikifungwa kiwanda kimefungwa, nao wafanyakazi walikuwa thelathini na saba, wanawake ishirini na sita na wanaume kumi na mmoja, na aliyelisema jambo hilo kwa ufupi kuliko wote ni Dada Kache, mlishaji wa mashine, aliyekuwa akikohoa kwa miaka miwili na kuwalea watoto wanne peke yake, alipomfuata marehemu na kumwambia, "Fundi, wakifunga nitakula nini, na wasipofunga nitakohoa mpaka lini?"

Marehemu akatoa mfukoni kitambaa chake cha mkono, cheupe, alichoshonewa na mkewe, akapanda ngazi, akakipitisha juu ya boriti iliyo mkabala na mashine, akashuka nacho kikiwa kama kimetoka jikoni, akamwambia, "Dada Kache, siku kitambaa hiki kitakapopita pale na kushuka cheupe, utakuwa umepata majibu yako yote mawili," na tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa sita mchana, alipanda ngazi ile na kitambaa kipya, na wanawake wakasimama chini kutazama, na Nyanya nyumbani akawa na kazi ya kufua.

Jaribio lake la kwanza, na familia imekubaliana tulisome kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha, lilikuwa kosa, kwani Januari 2011 alifunga feni kubwa ya kuvuta hewa na kupitisha bomba ukutani ili vumbi litupwe nje, na kwa miezi mitatu kila mtu alimsifu, kwa kuwa ilikuwa kaskazi na upepo ulilichukua vumbi lote upande wa maji, hata yeye akasahau kujiuliza linakwenda wapi, mpaka upepo wa kusi ulipoingia na kugeuza mambo, na Ijumaa tarehe 15 Aprili, siku waliyokuwa wakisaga kreti za samaki, vumbi la buluu likapanda Ganjoni na kutua juu ya kila kamba ya nguo, juu ya leso za kina mama na kanzu zilizoanikwa kwa ajili ya sala ya adhuhuri, nyumba saba nzima, ya kwake ikiwa ya kwanza.

Aliporudi jioni alimkuta Mama Nanjala, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye yuko hapa mbele na ameniruhusu niseme, amekaa kwenye ngazi na leso yake magotini, akamwambia, "Jirani, umenitia rangi, hata hukuniuliza kama naipenda buluu," na marehemu akapiga hodi nyumba zile sita nyingine akiomba radhi, na kesho yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akaketi uani na beseni tatu akafua leso na kanzu za watu kwa mikono yake, Mama Nanjala akimsimamia na kumwonyesha pindo alizoruka, na kuanzia hapo mtaa ukamwita Baba Vumbi, naye akaitika.

Jumatatu iliyofuata alikwenda Mji wa Kale kwa mwalimu wake, Mzee Muhdhar, aliyekuwa amekwisha kustaafu na macho yakiwa hafifu, akamweleza yote, na mzee akacheka mpaka akashikilia kikombe, kisha akamwuliza, "Umejenga mlango wa kaskazi, mwanangu, wa kusi je?" na marehemu alituambia kwamba ni katika kumjibu, akiwa amekaa mbele ya dele la kahawa, akitazama jinsi mzee anavyolitikisa na kulizungusha ili machicha yatue kabla ya kumimina, ndipo alipokumbuka mchoro aliouona katika masomo ya jioni ya uchoraji wa mitambo aliyohudhuria mwaka 1988 na 1989, mchoro wa chombo kinachozungusha hewa ndani ya pia ya bati, pana juu na iliyochongoka chini, kizito kikatupwa ukutani na kuteremka chini, hewa nyepesi ikapanda katikati na kutoka, na kwamba pia ile si kitu kingine ila ni dele lililopinduliwa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita.

Walilifua wao wawili, Mei na Juni 2011, kichochoroni kwa sababu halikuingia mlangoni, bamba la chuma jembamba, urefu wa mtu na nusu, mwanafunzi akipiga nyundo na mwalimu akifumba macho na kupitisha kidole kwa ndani, kwa kuwa penye kiungo kibaya vumbi hujishika, likajikusanya, likaziba, na kidole kilikwama mara kumi na moja na mara kumi na moja likarudishwa, na siku lilipokamilika likapakiwa kwenye mkokoteni kutoka Ndia Kuu hadi Mbaraki, watu wakiuliza njia nzima ni nini kile, na marehemu akijibu kwamba kuna jitu linakuja kunywa kahawa.

Vumbi zito liliteremka ndani ya pipa kama alivyokusudia, lakini lile laini kabisa lilipanda na hewa, na hapo ndipo Nyanya Mejumaa alipoingia katika kazi ya kiwanda, akashona mifuko mirefu kama mikono ya kanzu, hewa ipite na vumbi libaki, kwanza kwa kitambaa cha nailoni, ambacho kilisuguana na vumbi mpaka kikazaa umeme, kila aliyeligusa bomba akarushwa mkono, na bawabu Tsofa akasema wazi kuwa dele lile limeingiwa na jini, akaleta ubani akafukiza, na siku hiyo hiyo marehemu akabadilisha nailoni kwa kitambaa cha marekani cha pamba na kufunga waya wa shaba kutoka kwenye bomba hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, jini likaondoka, na Tsofa, aliye hapa leo, bado anasema ni ubani.

Mkaguzi alirudi Jumanne tarehe 23 Agosti 2011, akakaa ndani nusu saa bila kukohoa, akasifu, kisha akapanda ngazi mwenyewe na kitambaa cha marehemu, akashuka nacho kikiwa na rangi ya majivu, akasema hawezi kutia sahihi kitambaa cha majivu, na akaongeza wiki saba, wala si siku zaidi, na familia inakumbuka kwamba hizo ndizo wiki pekee ambazo Mzee Kingi alikaa mezani bila kula, kwani alilifungua dele mara tatu, akakagua kila kiungo, akabadilisha mifuko, na kila Jumamosi kitambaa kikashuka vile vile, na Dada Kache akaanza kuuliza kazi Changamwe.

Jumamosi tarehe 24 Septemba, kwa uchovu tu, marehemu aliketi kwenye kizingiti cha chumba cha kusagia baada ya mashine kuzimwa na feni kuzimwa, jua la mchana likiingia kwa lile bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, na akawatazama kina mama wakifanya walichofanya kila siku kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja na fagio lake la chelewa, wakifagia vizuri, wakifagia kwa kujivunia, kama walivyofunzwa na mama zao, na nyuma ya kila fagio, ndani ya mwanga ule, akaliona vumbi likiinuka taratibu, likipanda, likienda kutulia juu ya boriti, na Dada Kache ndiye aliyekuwa akifagia kwa bidii kuliko wote, akikohoa.

Kujenga dele kulikuwa rahisi kuliko jambo lililofuata, kwani kumwambia mwanamke wa Pwani aache chumba bila kukifagia ni kumwambia atoke nyumbani bila kuosha uso, na Dada Kache alimjibu mbele ya wote, "Fundi, mimi sikuzaliwa jalalani, siondoki kwenye chumba kichafu kwa sababu bati lako limeshindwa," naye marehemu hakubishana, alimwomba tu aketi naye kizingitini, Jumatatu, saa ile ile, jua lile lile, wengine wafagie na yeye atazame, na Dada Kache akatazama, kisha akaamka, akazunguka chumba, akayachukua mafagio yote moja baada ya jingine, akayafunga pamoja na kuyatundika ukutani, na kuanzia siku hiyo sakafu ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, na feni ikaachwa ikivuta nusu saa baada ya mashine kunyamaza, ndiyo kanuni ya chumba kile mpaka leo.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2011, saa sita mchana, marehemu alipanda ngazi, akashuka, akamkabidhi Dada Kache kitambaa bila kukitazama mwenyewe, na Dada Kache akakigeuza upande huu na upande huu, akakifunga kichwani, akaenda nacho nyumbani, na Jumatatu mkaguzi akatia sahihi, na kufikia Machi mwaka uliofuata kikohozi cha Dada Kache kilikuwa kimekwisha, naye leo ni msimamizi wa chumba hicho.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 2019, lakini hakupumzika sana, kwani alifua madele mengine sita ya namna ile kwa viwanda vya Jomvu, Mariakani na Mtwapa, na yeyote aliyemwuliza alimchorea kwa chaki sakafuni, bila siri, akimwambia tu aanze kwa kuuliza vumbi linakwenda wapi, kusi na kaskazi, na kwamba mwalimu wake Mzee Muhdhar, aliyefariki mwaka 2014, apewe sifa kwa viungo, na katika kanisa alihudumu kama mzee wa kanisa kuanzia mwaka 2003, akitengeneza viti na kuombwa kwa upole asijiunge na kwaya, ombi alilolikubali.

Mnamo Machi 2024 alianza kuvimba miguu na kuchoka akipanda ngazi, akapelekwa hospitali hapa Mombasa, na sisi sote, nadhani na yeye pia, tulidhani tunajua watakachokiona, kwa sababu alikuwa amevuta vumbi miaka kumi na minne kabla ya dele lake, lakini picha ya kifua ilipotoka daktari alituonyesha makovu machache ya zamani, akasema mapafu yale yangeweza kumpeleka miaka mingi, na kwamba ugonjwa ulikuwa wa moyo, naye marehemu akaomba jambo moja tu, picha ile ipelekwe Mbaraki ikatundikwe penye mwanga, ili kina mama wajionee, na ikatundikwa, pembeni ya mafagio.

Aliishi na ugonjwa huo mwaka mmoja na miezi minane, kwa utulivu, akikaa dirishani upande unaotazama Mbaraki, akihesabu leso zilizoanikwa na kutangaza kwamba rangi zake ni zile zile zilizonunuliwa, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani na mkewe amemshika mkono, akapumua kwa wepesi mara ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na ameacha mjane, Bi Mejumaa, watoto watatu, wajukuu saba ambao mdogo wao ni Jeremy, dada wawili na kaka mmoja, na leo, baada ya ibada hii, tutampeleka Kaloleni alikozaliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa uvumilivu, hasa aliyekubali kueleza picha moja mara nne, inawashukuru wachungaji na waumini, mafundi wa Mji wa Kale waliofunga karakana zao leo, majirani wa Ganjoni, na kwa namna ya pekee Mama Nanjala, ambaye wiki hii yote amefua nguo za nyumba yetu na kukataa kusaidiwa, akisema lilikuwa deni la beseni tatu.

Na tunawashukuru wenzake wa Mbaraki, ambao jana, Ijumaa, waliisimamisha mashine mapema kwa heshima yake, lakini feni hawakuizima, wakaiacha ivute nusu saa yake yote, kisha Dada Kache akapanda ngazi na kitambaa kipya, akashuka, akakileta Ganjoni kwa miguu, akampa Nyanya, na Nyanya akakipeleka dirishani, akakitazama upande huu na upande huu, kama mwenye kutafuta kosa, kwa kuwa yeye ndiye aliyevifua vyote, akakosa la kufua, akakikunja mara nne, na sasa kimo katika mfuko wa shati la Babu, upande wa moyo.

Babu, juu ya boriti hakuna kitu, pumzika kwa amani.